Wageni Wanaokuja Mbio

Mama hapendi kuandika kwenye simu. Hutuma sauti, na sauti zake huanzia katikati ya habari, kana kwamba mimi nimekaa jikoni kwake tangu asubuhi. Ile ya mwaka juzi ilinikuta Mombasa, kwa kinyozi, povu likiwa limejaa mashavuni. "Basi uje na mkeo na mtoto," Mama alisema, "tuna wageni. Wengi. Wanakuja mbio."

Kinyozi alisimamisha wembe. Mimi nikainuka kitini. Sisi tuliozaliwa kisiwa cha Chovae, kusini ya Kismayo, na kumalizia skuli kambi ya wakimbizi, tukisikia watu wanakuja mbio hatuulizi ni wangapi. Tunatafuta viatu. Nilimpigia nikiwa bado na povu.

"Mama, nani anakimbia?"

"Vijana. Mji mzima."

"Wanamkimbia nani?"

"Hawamkimbii mtu! Wanakimbia tu, ni mashindano. Na sisi tumepewa meza."

Nikakaa tena, kinyozi akamaliza shavu la pili, na jioni nikamweleza mke wangu kwamba tunakwenda Kismayo kugawa maji. Akaniuliza kama huko hakuna mabomba.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mji ulikuwa umeandaa mbio kubwa za siku mbili: Alhamisi mbio fupi za vijana, Ijumaa asubuhi mbio ndefu za wote. Kamati iliomba familia zijitolee kusimamia meza za maji barabarani, kila familia meza yake. Waliokwenda mtaani kwa Mama walimkuta mlangoni, na kabla hawajamaliza kueleza alikuwa ameshakubali kwa niaba yetu sote, pamoja na mimi niliyekuwa nchi nyingine.

Nilijua kwa nini. Tangu tulipokimbia kisiwa, mimi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, Mama amekuwa mgeni wa watu. Kambini alikuwa mgeni, Mombasa alikuwa mgeni, na hata baada ya kurudi Kismayo na kaka yangu mvuvi, majirani waliwaita "wale waliorudi", wakiwaletea sahani za pilau siku za sikukuu kama mtu anavyopelekewa mgonjwa. Kupokea kulimchosha Mama kuliko kufua. Sasa mji ulikuwa umemwomba yeye awe mwenyeji, hata kama ni mwenyeji wa meza moja na mapipa mawili ya maji. Meza ile aliitaka kwa moyo wote.

Mimi mwenyewe sijui kukaa. Nimefanya kazi Mukalla, Malindi, Tanga, Zanzibar, na kila mahali nilipofika nilikaa kiasi cha kujua bei ya samaki kisha nikaanza kukumbuka mahali pengine. Mahali ninapopakumbuka zaidi ni Chovae, na sijui kama ninapakumbuka au ninapatunga. Lakini jambo moja silitungi. Tulikuwa tukitoka pwani mbio, koo zimekauka kwa chumvi, tunaufikia mtungi, na kabla kata haijagusa mdomo tunasikia sauti ya Mama nyuma yetu: "Kaa!" Kwetu maji hayanywewi kwa kusimama. Unakaa, unasema bismillahi, unakunywa kwa kupumzika. Kaka yangu aliwahi kujaribu kunywa akiwa amechuchumaa tu, na Mama akamuuliza kama ni chura.

Mtu angedhani ningeiona balaa mapema. Sikuiona.

Jumatano tulihudhuria mafunzo ya waliojitolea. Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja wa miaka thelathini hivi, ana firimbi shingoni na macho ya mtu ambaye hajalala wiki nzima. Alituonyesha: shika kikombe cha plastiki kwa juu, nyoosha mkono, mkimbiaji anakichukua akipita, anakunywa, anakitupa. Mama alitikisa kichwa kukubali kila neno. Tukagawiwa vizibao vya kijani, naye akakivaa cha kwake juu ya buibui palepale, akalala nacho.

Alhamisi baada ya alasiri nilifika mezani na mke wangu na binti yetu, tukiwa tumebeba madumu. Mama na kaka walikuwa wametangulia. Pembeni mwa barabara ya bandari, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, kulikuwa na mikeka miwili iliyotandikwa, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake. Kwenye mikeka palikuwa na sinia za tende. Kando yake, birika.

"Mama," nilisema, "hii si karamu."

"Nani kasema karamu? Hizo ni tende tu."

"Na hiyo birika?"

"Kahawa si chakula."

Nilimwangalia kaka. Akainua mabega. "Wewe umekuja jana," alisema. "Mimi naishi naye."

Mkimbiaji wa kwanza alitokea kwenye kona peke yake, kijana mrefu mwenye soksi nyekundu, anakwenda kama ametumwa dawa. Binti yangu alinyoosha kikombe vilevile alivyofunzwa. Kijana akanyoosha mkono. Mama akaushika ule mkono.

"We mwanangu! Mtu hunywa maji amesimama?"

"Hoyo, ninakimbia!" Hoyo ndivyo Wasomali wanavyomwita mama.

"Ndiyo vibaya zaidi. Kaa."

Kijana alitazama nyuma, akatazama mbele, kisha akanitazama mimi, kama mtu anavyomtazama askari. Mimi nikaanza kupanga vikombe. Basi akakaa. Ndiyo taabu ya vijana waliolelewa vizuri: huyu angeweza kumshinda kila mtu Kismayo, lakini si mama mtu mzima aliyemshika mkono na kumwita mwanangu.

Wa pili alipokuja na kumwona kinara amekaa mkekani na tende mdomoni, macho yalimtoka. Ushindi ulikuwa wake, angepita tu. "Na wewe karibu," Mama alisema, "hapo, kando ya mwenzako." Akakaa. Wa tatu na wa nne walikuja pamoja wakadhani ndiyo taratibu za mbio, wakakaa bila kuambiwa. Wasichana wakafika, wakaonyeshwa mkeka wao. Muda si muda mashindano yote ya vijana yalikuwa yamekaa safu kama darasa la chuo cha Qurani, yakihema.

"Msihofu," Mama aliwatangazia. "Aliyekaa mwanzo atainuka mwanzo. Hapa hamna dhuluma."

Na alimaanisha. Yule wa nne alipojaribu kunyanyuka kwa hila, kaka yangu alimkandamiza begani. "Zamu yako bado, kijana."

"Lakini nimemaliza maji!"

"Na wa tatu hajamaliza. Mngoje."

Nilimgeukia mke wangu anisaidie kuyamaliza haya. Nilimkuta anamimina kahawa.

"Na wewe?"

"Mume wangu, watu wameshakaa," alisema. "Mtu ameshakaa utamnyimaje kahawa?"

Kule mwisho wa mbio watu walikuwa wameshikilia utepe, ngoma zimeanza, na hakuna aliyetokea. Wakangoja. Ngoma zikanyamaza. Wengine, tuliambiwa baadaye, wakaanza kuulizana kama barabara ni salama. Ndipo yule dada msimamizi alipopanda nyuma ya pikipiki kuja kutafuta mbio zake. Alishuka mbele yetu na firimbi mdomoni. Hakupuliza. Alitazama mkeka wa kwanza, akatazama mkeka wa pili.

"Hoyo, hii ni nini?"

"Karibu, mwanangu," Mama alisema. "Kaa."

Hapo akapuliza. Wote waliruka kwa pamoja, na Mama akasimama katikati ya barabara mikono juu akipiga kelele, "Mmoja mmoja! Kwa zamu!" Nao, wallahi, wakatoka kwa zamu. Yule wa soksi nyekundu alishinda. Inasemekana alifika na kokwa ya tende mkononi, hajui aiweke wapi.

Kabla ya magharibi msimamizi alikuja nyumbani. Alikataa kikombe cha kwanza, akashindwa kukataa cha pili. Kisha akasema kwa upole kwamba kesho meza ya barabara ya bandari itapewa familia nyingine, na sisi tutapelekwa uwanjani kuokota vikombe.

Mama alikuwa bado na kizibao chake. Akasimama.

"Sikiliza, mwanangu. Chovae nilitolewa kwa bunduki. Kambini nilitolewa kwa gari. Mombasa nilitolewa na mke wa binamu yangu, kwa maneno matamu kama halua. Leo wewe unataka kunitoa kwa firimbi?"

Kaka alikohoa kuficha kicheko. Msimamizi aliweka kikombe chini taratibu.

"Hoyo, watakaokuja kesho wengine wametoka mbali. Wapo waliojizoeza mwaka mzima ili wafike mapema kidogo tu. Ukimkalisha mmoja wao, umemnyang'anya."

"Mimi?" Mama alisema. "Nimemnyang'anya mgeni?"

"Ndiyo, hoyo."

Mama alikitazama kizibao chake. Aliketi. Akasema ikiwa ni hivyo, basi arudishiwe meza yake, na yeye atafuata sharti lolote.

"Sharti ni moja. Asikae mtu."

"Asikae mtu," Mama alirudia, kama anayemeza dawa ya minyoo.

"Nikiona mmoja amekaa, hata mmoja, nawatoa palepale."

Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, Mama aliniuliza akiwa anafunga mtandio: "Kuoga, mtu huoga amesimama?"

"Ndiyo, Mama."

"Hamna ubaya?"

"Hamna."

"Haya." Akachukua beseni na kata.

Mezani alitugawa. Sisi tusimame mwanzo wa meza tugawe maji ya kunywa, na dhambi ya kunywesha watu wima iwe yetu. Yeye alijisogeza mbele kidogo, mwenyewe na beseni lake. Wa kwanza kupita, mkimbiaji hasa, mwembamba kama mtarimbo, alipigwa kata moja ya maji kifuani. Alipiga ukelele, akageuka huku anakimbia kinyumenyume, uso unamng'aa: "Hoyo, Mungu akuweke!" Jua la Kismayo lilikuwa limeshapanda. Waliofuata walimwona aliyelowa, wakaanza kukata njia wenyewe kumwelekea Mama, wengine wameinamisha vichwa tayari. "Wewe mgongo! Wewe kichwa! Pita, mwanangu, pita, usisimame!" Mke wangu na kaka walikimbilia mapipa na madumu, binti yangu anajaza beseni, mimi nalowa zaidi ya wakimbiaji. Msimamizi alikuwa amesimama kwenye kona, mikono amefunga kifuani, anatukodolea.

Karibu wote walipokwisha kupita, akaja bwana mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, tumbo linamtangulia, fulana imemganda mwilini. Hakukimbia tena, alikuwa anajikokota. Alifika mbele ya meza yetu, akashusha pumzi, akajishusha mwenyewe mpaka chini, akakunja miguu.

Mama alitoa sauti kama ameona nyoka.

"Inuka! Inuka, mwanangu, utanitoa mezani!"

"Hoyo, mikeka iko wapi?"

"Hamna mikeka! Inuka!"

"Jana mlikalisha watu. Mji mzima umesikia. Mimi nimejiandikisha jana usiku kwa sababu hiyo."

"Jana ni jana! Leo ni haramu!"

"Na kahawa pia hamna?" Aliuliza kwa huzuni ya kweli.

"Wanangu, mnyanyueni!"

Kaka alishika kwapa hili, mimi lile. Bwana yule alikuwa amelegea kama gunia la mchele lililopasuka, ukinyanyua huku anamwagikia kule. Mama alizunguka nyuma yake akammiminia beseni zima kisogoni. Akasimama wima kwa mara moja, macho wazi, akatamka shahada, kisha akaondoka kwa mwendo ambao nadhani hata yeye hakuwa anaujua.

Tulipogeuka, msimamizi alikuwa ameshafika mezani.

"Alikaa mwenyewe," Mama alisema haraka, kata mkononi inadondosha maji. "Waulize hawa. Mimi sikumkaribisha. Hata salamu sikumpa, Mungu anisamehe."

"Nimeona, hoyo."

"Basi usinitoe."

"Hoyo, yule ndiye wa mwisho. Nyuma yake hakuna mtu. Angekaa tu."

Mama alitazama barabara tupu, akamtazama msimamizi, akatazama tena upande alikopotelea yule bwana. "Sasa ndiyo unasema!"

Na hapo yule dada akacheka, kicheko kilichokuwa kimemngoja tangu jana nadhani, mpaka akashika ukingo wa meza. Alipotulia akasema kwamba wakimbiaji wanaulizana huko mwisho ni nani yule mama wa maji, na kwamba mwakani, mbio zikiwepo, meza hii ni yake.

"Ya wapi?" Mama aliuliza.

"Hii, hoyo. Hapa hapa."

Majirani walikuwa wametoka milangoni upande wa pili wa barabara. Mama aliwaona. Akanyoosha kizibao chake.

"Sema kwa nguvu kidogo, mwanangu. Huyu mkubwa wangu hasikii vizuri."

Kaka yangu husikia samaki akipita chini ya mashua. Msimamizi alirudia kwa nguvu zaidi kwamba mwakani meza hii ni ya hoyo na familia yake.

Kaka akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eh?"