Nilitoa masega ya gari la baba mkwe, likafeli kipimo cha moshi Brussels

Wakuu, habari za huko mliko. Huu ni mwaka wangu wa tano hapa Brussels, na muda wote huo nimekuwa msomaji tu humu, nacheka misala ya wenzangu. Leo ni zamu yangu. Chumvi sitaongeza, na sehemu zinazonidhalilisha sitaziruka, maana nikiziruka uzi utabaki na mistari mitatu.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni Mtanzania, nimeoa Mrundi wa Bujumbura anayeitwa Mwamini. Tunakaa Etterbeek, ghorofa ya kwanza. Wakwe zangu wanakaa ghorofa ya tatu.

Ndiyo, jengo hilohilo. Chekeni mmalize tuendelee.

Baba mkwe ana miaka sabini na moja. Kwao alikuwa dereva wa teksi, na udereva bado uko kwenye damu. Goti lake moja limegoma kabisa, kwa hiyo kigari chake cha petroli cha mwaka 2003 ndiyo miguu yake. Kila Ijumaa anawapitia wazee wenzake wawili, wanaenda msikitini, kisha wanazunguka mji wakibishana mpaka jioni.

Sasa mabinti zake, mke wangu akiwa kiranja wao, wanataka mzee aache kuendesha. Walivutana mwaka mzima mpaka wakafikia makubaliano. Gari likipita ukaguzi, mzee anaendelea. Likifeli, anakabidhi funguo na kukaa nyumbani. Mzee alikubali mbele ya ukoo mzima, tena kwa mbwembwe.

Shikeni hapo. Kuna neno moja lazima niwaeleze.

Siku naenda kujitambulisha ukweni, niliulizwa natoka wapi. Nikavimba kifua nikasema, "Mimi ni mtu wa Bongo!"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Mwamini akainamisha kichwa.

Kumbe kwa Kiswahili chao, bongo ni uongo. Nimekuja kuomba mtoto wa watu, nikajitangaza mwenyewe kwa sauti kubwa kwamba mimi ni mtu wa uongo, na ninajivunia.

Tangu siku hiyo mzee akinitambulisha kwa wenzake husema, "Uyu ni mukwe wangu, muntu wa Bongo." Wazee wanacheka mpaka wanakohoa. Miaka minne, wakuu, utani ni huohuo na kicheko ni kilekile.

Haya, turudi kwenye gari.

Kuna siku mzee alilalamika kwamba gari halipandi milima. "Inachoka mbele yangu," alisema. Mimi kwa kutaka sifa nikamwambia, "Papa, niachie mimi."

Nikampigia fundi wangu wa Tabata, kule Dar. Hata gari hajaliona, tayari ana jibu. "Bosi, hayo ni masega yanaziba pumzi. Yatoe, weka bomba tupu, utanishukuru."

Kwa msiojua, masega ni lile dude la kwenye bomba la ekzosi, ndani lina vitundu vingi kama sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Mafundi wetu nyumbani wanalitoa kama wanavyong'oa jino bovu.

Basi nikaazima jeki, nikaingia chini ya gari uani kwa rafiki yangu, fundi yuko hewani kwa video call ananielekeza. Nikatoa. Nikafunga bomba tupu. Masega nikayaviringisha kwenye gazeti, nikayaficha stoo tunayotumia pamoja na wakwe, kule chini ya jengo letu.

Gari likaanza kunguruma. Mzee akafurahi, akasema sasa linaongea kama mwanaume.

Tatizo likawa taa moja ya engine kuwaka kwenye dashboard na kugoma kuzima. Fundi akasema hiyo kawaida. Nikaibandika kipande cha plasta nyeusi, mambo yakaisha.

Aisee, nilijiona mhandisi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Huku gari la umri ule linapelekwa kituoni kila mwaka. Wanaangalia breki, taa, chasisi, halafu wanachomeka kijifimbo kwenye ekzosi kupima moshi. Nikamwambia mzee apumzike, nitalipeleka mwenyewe. Nikaenda napiga mluzi.

Breki, safi. Taa, safi. Mkaguzi, mama mmoja wa makamo, akachomeka kijifimbo chake. Akasoma kwenye kioo cha mashine. Akakichomoa, akakichomeka tena. Kisha akaingia ndani ya gari, na kwa ukucha wa kidole kimoja akabandua plasta yangu taratibu.

Alinitazama kama mwalimu aliyekuta majibu ya mtihani yameandikwa kiganjani. Kifaransa changu ni cha kununulia mkate tu, lakini mtazamo ule sikuhitaji mkalimani.

Nikapewa karatasi nyekundu. Siku kumi na tano za kurekebisha.

Wakuu, njia nzima ya kurudi niliona funguo za mzee mkononi mwa Mwamini. Nilimwona mzee amekaa dirishani ghorofa ya tatu, anahesabu magari ya watu. Na mimi ndiye niliyemweka pale. Niliumia, sitaki kuwadanganya.

Nyumbani nikamkuta mlangoni. "Bon, imepita?"

Nikasema, "Foleni ilikuwa ndefu papa, wamenipa tarehe nyingine."

Bongo tupu hiyo. Karatasi nikaisukumia chini kabisa kwenye droo ya gari, ikalala na vitambaa vya kufutia vioo.

Kesho yake nikakimbilia Forest, mtaa mwingine wa hapahapa Brussels, kwa fundi mmoja Mkongo ambaye wote tunamwita Tonton. Akalipandisha gari, akachungulia. Akachungulia tena.

"Pot catalytique iko wapi?"

"Masega? Niliyatoa."

"Masega ya nini? Ulikuwa unafuga nyuki?"

Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa upya ili anione vizuri. Halafu akafungua filta ya hewa. Nyeusi tii, imejaa majani makavu. Akanigeukia. "Alors, gari ilikuwa inakosa hewa, wewe unaikata mapafu!"

Nilitamani kuingia chini ya gari nisitoke.

Akasema dawa ni rahisi, nirudishe dude la zamani, filta ataweka mpya. Jipya la kuagiza litachukua wiki kadhaa kufika, na la mkononi lisilo na karatasi hagusi, anaogopa mali ya wizi.

Nikarudi mbio. Nikafungua stoo.

Hakuna kitu.

Nilipekua maboksi, matairi ya baridi, mpaka kapu la nguo za watoto. Masega hayapo, gazeti halipo. Nikajua tayari, mtu kayatupa au kayaiba. Kila siku nikishuka stoo Mwamini anauliza natafuta nini, na mimi najibu, "Bisibisi." Mke wangu akaninunulia bisibisi mpya kabisa. Nilitamani kulia.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala tulikula kwa wakwe, pilau, familia nzima mezani. Shemeji yangu akauliza, "Papa, gari iliishapita?" Mzee akanitazama mimi, anatafuna polepole.

Hapo ndipo nilipochoka. Nikaweka kijiko chini.

"Papa, gari limefeli. Si kosa la gari wala si kosa lako. Ni mimi. Nilitoa masega, halafu nikakudanganya. Naomba funguo wasikunyang'anye kwa ujinga wangu."

Mama mkwe akashtuka. "Masega? Mu gari mulikuwa nyuki?"

Hakuna aliyecheka. Mwamini alinitazama kwa jicho ambalo waliooa wanalijua.

Mzee akainuka na goti lake, akaenda chumbani. Dakika mbili ndefu. Akarudi amekumbatia kitu kwenye taulo, akakitua mezani kando ya sinia la pilau. Akafunua.

Masega yangu. Yamefutwa, yanang'aa.

"Asali yako ni hii?"

Nikayagusa kwa kidole nihakikishe.

Kumbe mzee aliyaona stoo siku ileile alipofuata katoni ya maji ya kunywa. Dereva wa teksi miaka ishirini, mimi nafikiri namficha kipande cha gari! Plasta aliiona. Karatasi nyekundu aliikuta siku ya pili, wakati anatafuta kitambaa cha kufutia kioo.

"Sasa papa, kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja. Nilijiambia, uyu mutoto ataniletea ukweli ao ataniletea bongo?"

"Na kama nisingesema?"

"Siku ya kumi na ine ningekupatia. Miye si mujinga, gari ni yangu."

Hapo ndipo watu walipocheka. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilicheka huku machozi yangu ni ya aina nyingine.

Jumamosi Tonton akarudisha dude mahali pake na kuweka filta mpya. Taa ya dashboard ikazima yenyewe, bila plasta. Akatuagiza kwamba kabla ya kipimo tulipeleke gari barabara kuu, tulikimbize gia ya tatu mpaka mitambo ipate moto, maana ekzosi ya baridi inatoa moshi mchafu.

Jumatatu mzee akasema anaendesha mwenyewe. Gia ya tatu, engine inalia, malori yanatupita yanapiga honi. Mimi nimeshika mkanda kwa mikono miwili. Mzee anavuta tasbihi kwa mkono mmoja na kunicheka hapohapo.

Kituoni tukamkuta mama yuleyule. Akachomeka kijifimbo. Akaingia ndani, akapitisha ukucha kwenye dashboard kutafuta plasta.

Karatasi ya kijani!

Mzee aliibusu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Mabinti wakanywea. Funguo zimebaki kwake.

Nilichojifunza, wakuu. Gari likikosa nguvu, anza na filta ya hewa kabla hujampigia mtu wa Tabata. Na ukiharibu kitu cha mkweo, mwambie siku ileile. Aibu ya siku moja nilikuwa naimudu, hizi kumi zimenikondesha.

Ijumaa iliyofuata niliwasindikiza wazee msikitini. Garini kulikuwa na mgeni, mzee mmoja anayenitazama tu. Akauliza, huyu kijana ni nani?

Nikajiandaa kwa kicheko cha kila siku. Wale wazee wawili nao walishaanza kutabasamu.

Baba mkwe akaniwekea mkono begani. "Uyu ni mukwe wangu," alisema. "Anatoka Tanzania."

Wazee wakangoja amalizie. Hakumalizia. Akawasha gari.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kuumbuka ukweni. Nichekeni kwa kiasi tu, Mwamini naye anasoma humu, na ile bisibisi ameitundika ukutani sebuleni.