Walipofungua Baa kwa Ajili ya Wageni

Mdogo wangu wa kiume hakuwahi kuishinda pombe. Aliikwepa tu. Mwenyewe aliniambia hivyo siku moja nilipotoka Migori kwenda kumwona mama, nikamkuta amekaa jikoni anakula chakula cha jioni na jua bado kali.

"Dada, mimi pombe siwezi shinda," alisema. "Naruka tu ile saa yake."

Saa yake ilikuwa ya kumi na moja jioni, ndipo baa zilipofunguliwa. Chang'aa hakuigusa, kwa kuwa ndiyo iliyomuua baba yetu na aliiogopa kama mamba. Yake ilikuwa bia. Ni fundi wa injini za boti pale Homa Bay, kando ya ziwa, na mchana kutwa, kwa kuwa hapakuwa na pa kunywea, alifanya kazi, tena kazi safi. Alasiri, baa zikiwa bado na makufuli, alifunga spana zake kwenye gunia akapanda kilima hadi kwa mama. Huko ugali ulikuwa umeshasongwa. Majirani walitucheka kwamba nyumba ile hula chajio kuku wakiwa bado wanachakura uani. Mama aliwaacha wacheke. Mwanawe akishashiba na kuvua viatu, kilima kilikuwa kirefu mno kwake kushuka tena, na hivyo ndivyo tulivyoishi naye akiwa mzima, mwaka baada ya mwaka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu alikuwa ameupatia dawa ya sufuria na mwiko.

Kisha likaja pendekezo la serikali ya kaunti. Ufuo upendezeshwe, watalii waje wale samaki na kutazama ziwa, na baa za ufukweni ziruhusiwe kuuza tangu asubuhi, maana mtalii hawezi kuambiwa asubiri jioni. Tukaitwa mkutanoni kutoa maoni. Mama alikwenda pamoja na akina mama wenzake wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, wamekubaliana kupinga. Nami nilifunga cherehani yangu Migori nikaungana nao, kwa sababu nina mdomo, na mama alitaka mdomo huo uwe karibu.

Ofisa aliyesimama mbele alikuwa na Kiswahili kizuri na shati lililopigwa pasi vizuri zaidi. Alizungumzia hoteli na ajira za vijana, akamalizia kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wakaitikia kwa mguno wa kuridhika. Halafu akapewa nafasi bwana mmoja awatafsirie kwa Kiluo akina mama waliokifuata Kiswahili kwa shida, mama yangu akiwemo, na bwana yule hakujisumbua kutafuta neno la watalii. Alisema "welo".

Welo ni wageni, lakini ni wageni wa nyumbani. Ni wakwe. Ni binamu aliyetokea Kosele bila taarifa, na ni wale wanaokuja kuzika nawe na kulala kwenye turubai lako. Welo wakifika, kuku hukimbizwa, na aliyekaa husimama ampishe mgeni kiti, hata kama aliyekaa ni mgonjwa. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Anayewanyima welo husemwa mpaka kwa wajukuu wake. Sasa mtafsiri akauliza, kwa sauti yake ya upole: je, mnakubali milango ifunguliwe mapema, ili welo wasikae nje na kiu?

Nani angekataa? Mikono ikainuka juu ya vitambaa vyeupe, na mmojawapo ulikuwa wa mama yangu.

Nilisimama nikasema kwamba mtalii si mgeni wa mtu, yeye hulipa akaenda zake, na kwamba bia ya asubuhi tutainywa sisi wenyewe. Nilisema kwa ukali, sijui kusema kwa namna nyingine. Ofisa alinishukuru kwa mchango wangu. Mama alinivuta sketi nikakaa, akaninong'oneza kwamba nimemwaibisha kwa uchoyo mbele za watu.

Ruhusa ikatoka. Ufuoni pakaletwa viti vya plastiki na miavuli yenye majina ya bia. Watalii walikuja mmoja mmoja, mara chache, wakapiga picha korongo wakaondoka. Wavuvi waliorudi alfajiri ndio walioijaza miavuli, na fundi wao hakuwa mbali. Kwanza alikunywa baada ya kumaliza injini moja. Baadaye alikunywa kabla ya kuianza. Nilipompigia simu kumgombeza, alinijibu, "Si walisema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mgeni amekataa kuja, dada. Wacha mwenyeji apone." Nilicheka kabla sijajizuia. Kisha nikalia dukani, mteja akiwa amesimama na kitambaa chake mkononi.

Ugali ukaanza kupoa kule kilimani. Mama alinipigia.

"Hizo baa sasa zinafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu, mama."

"Ya usiku?"

"Ya asubuhi."

"Hao welo wanalala wapi, hata waamke na kiu hivyo?" Nikamweleza, taratibu safari hii, ni welo gani waliokusudiwa. "Na mimi niliinua mkono," akasema.

Tangu hapo alianza kushuka. Kila asubuhi, na magoti yake yale, alishuka kilima akiwa na kitambaa chake cheupe, akaketi meza moja na mwanawe, akaagiza soda. Alimsihi aondoke. Alisali kwa sauti mpaka meza za jirani zikatulia. Siku nyingine alimtukana. Mdogo wangu hakumjibu vibaya hata mara moja, lakini hakuinuka. Alimpangusia mama kiti, akamfungulia soda, akaendelea kunywa. Adabu yake iliniudhi kuliko ulevi wake.

Siku niliyokwenda kujionea, niliketi nao. Mdogo wangu alijimiminia bia nyingine ikamwagika mezani, kwa mikono ile ile iliyokuwa ikishika skrubu ndogo kama punje ya mtama bila kuiangusha. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, nikashindwa. Hapo ndipo lilipofika gari, wakashuka Wazungu wawili wazee, mume na mke, na kofia pana. Miavuli yote ilikuwa imejaa wavuvi. Wazee wale wakasimama juani, wakitazama huku na huku, wakitabasamu kama watu wasiotaka kumsumbua mtu.

Mama aliwaona. Alijisukuma akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Chung' malo," akamwambia mwanawe kwa Kiluo. Simama. "Welo osebiro."

Wageni wamefika. Hakusema kwa hasira wala kwa ujanja, nilikuwa nikimtazama usoni. Na mdogo wangu, ambaye hakuinuliwa na sala wala matusi wala machozi, aliinuka. Aliacha glasi ikiwa nusu. Alikipangusa kiti chake kwa kiganja na kumkaribisha yule bibi, kisha akasimama kando na mikono nyuma, kama tulivyofanya utotoni baba alipopata wageni. Mama akamshika mkono. Wakapanda kilima polepole, na mimi nikafuata na gunia la spana. Siku ile alikula ugali jua likiwa kali, akalala.

Kesho yake alishuka tena, na mama akashuka nyuma yake. Meza ilikuwa yao peke yao, na hapakuwa na gari lililofika.

Nimerudi kwenye cherehani yangu. Mama akipiga simu siku hizi haniulizi biashara, wala hasemi mengi kuhusu mwanawe. Anauliza kama huku Migori, penye magari mengi yanayotoka mpakani, nimewaona watalii wakipita kuja kwao. Anasema huwaombea kila usiku, kwa magoti, Mungu awalete.