Injini Iliyokuwa Ikisaga Unga

Najua sifa yangu. Ni mimi niliyeeneza kwamba shule imefungwa kwa sababu ya kunguni, na nusu ya kidato cha tatu ikabaki nyumbani. Ukikataa kuniamini sikulaumu. Ila hili lilitokea, uani kwetu, Kibaha, nyuma kidogo ya Kwa Mathias.

Kaka yangu Shabani ni fundi magari. Alifukuzwa gereji baada ya injini aliyoifunga kunoki, ikafia njiani na gari la watu, na tangu hapo hakuna aliyempa hata baiskeli. Akaacha kuongea. Akawa anaunga gari lake mwenyewe uani: chasisi ya pikapu, halina paa, halina boneti, matairi ya nyuma mapana kama magodoro. Majirani waliliita Kitanda. Mama akamwekea siku: "Jumamosi lisipowaka, Jumapili unakwenda Marui kwa mjomba wako ukalime mihogo. Na ufundi uuache."

Shabani akasema tu, "Sawa, mama."

Injini tuliitoa Maneromango, Kisarawe. Miaka mingi ilizungusha mashine ya kusaga unga ya Mzee Kondo, mpaka mzee alipofariki. Mjane wake alipotukabidhi akatuambia utaratibu wa kwao: chombo cha marehemu hakiondoki bila kumuaga mwenyewe. Shabani alikuwa kabeba upande wake, jasho linamtoka, akaniambia niage mimi. Sasa unanipa mimi kazi ya heshima, unategemea nini? Nikasema, "Mzee Kondo, tunaondoka nayo. Ukiikumbuka tufuate Kibaha, chai ipo."

Mjane hakucheka.

Shabani akaifungua yote, akabadilisha pistoni, ringi na gasketi, akafunga. Jumamosi tulipiga stata tangu asubuhi. Inakohoa, inatema moto kwenye kabureta, inazima. Magharibi ilipoadhiniwa akaweka spana chini. "Kaniletee begi langu la nguo," akasema, "likae mlangoni." Akaenda kuswali.

Begi sikulifuata. Nilibaki nimeegemea Kitanda, sisikii uchungu wala nini, kama fizi iliyochomwa ganzi. Ndipo nikamwona mzee amesimama upande wa pili wa injini. Geti letu hulia kama mbuzi, halikulia. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni, na kwenye kope pia.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Wewe umewahi kumwona mzee wa Kisarawe asiyeitikia shikamoo?

"Uliniita," akasema.

Ungetegemea nikimbie. Niamini, hata mimi nilitegemea. Miguu haikujisumbua. Akafungua boliti ya distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, kwa vidole, boliti ambayo Shabani huikaza kwa spana huku anaguna. Akaichomoa distributa, akaizungusha nusu, akairudisha. "Shika hapa. Usiachie mpaka iwake." Akakiweka kiganja changu cha kulia juu yake, na baridi ikapanda mpaka begani.

Shabani akarudi. "Unaongea na nani?"

"Na Kitanda. Kinaomba upige mara moja tu."

"Dogo, niache."

"Mara moja. Ukishapiga, begi nalibeba mimi mpaka stendi."

Akapiga. Ikawaka, ikaunguruma bila kukohoa. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Shabani alikaa kwenye usukani akiisikiliza. "Umegusa nini?"

Nikaupangusa unga wa kiganjani kwa fulana yangu. "Sijagusa kitu. Nimeshika tu pale ulipoachia wewe."

"Kumbe ilitaka kupumzika," akasema. Akacheka, mara ya kwanza tangu afukuzwe.

Hakwenda Marui. Siku hizi watu wanamletea magari, na injini anazofunga zinatembea mpaka Mlandizi na kurudi. Mimi mkono ule haujarudi kuhisi. Nikishika sufuria ya moto, nasikia harufu kwanza. Mwalimu wa nidhamu alinichapa fimbo nne za kiganja, nikamuuliza kama ameshaanza, akaongeza nyingine nne. Darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa naziangalia tu zikitua.

Kwa hiyo ukichukua chombo cha marehemu, aga kama watu wanavyoaga. Ukimwamkia mzee asiitikie, usimpe mkono. Na ukimpelekea Shabani gari lako, haya usimsimulie. Yeye anajua injini ile aliiwasha mwenyewe.