Mpiga Pasi Aliyeonea Wivu Usingizi wa Wifi Yake

Saa moja asubuhi mkaa umeshakolea. Mwanamke mwenye mikono mirefu anafunga mfuniko wa pasi yake nzito, anapuliza majivu yaliyobaki pembeni, kisha analowesha kidole na kukigusisha upesi kwenye chuma. Chwii! Anatikisa kichwa. Moto huu ni wa suruali za jinzi, blauzi zisubiri.

Kibanda chake kimebanana na cha fundi cherehani, jirani asiyejua kunyamaza.

"Shoga, hiyo nguo unaipiga pasi au unapigana nayo?"

"Shona zako huko!"

Mpiga pasi anacheka. Mwezi uliopita utani kama huo ungezua ugomvi. "Nilikuwa napigana kweli," anasema. "Tena na mtu ambaye hakujua kama tuko vitani."

Mtu huyo ni wifi yake, mke wa kaka yake. Wanaishi nyumba moja tangu kaka aanze kuendesha malori ya safari ndefu.

Tangu wezi wavunje dirisha na kuwakuta wanawake hao ndani, mpiga pasi hakupata tena usingizi wa maana. Paka akipita juu ya bati, yeye yuko macho. Alisukuma kabati hadi mlangoni, akakesha kitini akilitazama. Wifi alipiga magoti, akanong'ona na Mungu wake, akajifunika shuka, akakoroma.

"Angenizidi pesa, ningevumilia. Lakini usingizi? Wezi walituvamia sote, kwa nini amani apewe yeye peke yake? Roho iliniuma jamani."

Wivu ukatafuta pa kutokea. Wifi akianza kuimba huku akiosha vyombo, yeye anafungulia redio.

"Wifi, Mungu anatulinda."

"Basi mwambie alete na kufuli."

Kisha wifi akamletea sare yake ya kwaya aipige pasi. Ni kitambaa chepesi kinachong'aa, na kila mpiga pasi anajua hakiguswi na chuma kikavu. Hutandazwa kwanza kitambaa chenye maji juu yake. Hicho cha maji kilikuwa begani kwake. Hakukishusha.

"Niseme nilisahau? Hapana. Mkono ulijua."

Pasi ilipoinuka, kifua cha sare kiliinuka nayo.

Alitarajia wifi atabasamu na kumsamehe papo hapo, amzidi tena. Wifi hakutabasamu. Alimjia juu hadi fundi cherehani akasimamisha mashine.

"Una roho mbaya wewe! Nimekukosea nini?"

"Unalala!" mpiga pasi akafoka, machozi yakimtoka. "Mimi nakesha, wewe unalala!"

Wifi akaketi chini palepale, sare iliyoungua mapajani.

"Wifi, mimi ni mwoga kuliko wewe. Jua likizama tu magoti yananitetemeka, ndiyo maana nayapigisha chini. Namwambia Yesu, mimi kukesha siwezi, kesha wewe. Halafu namwachia."

Mpiga pasi anaiweka pasi kwenye kikalio chake cha chuma akisimulia. Siku zote aliamini amani ya Mungu ni ya watu wenye moyo mgumu, waliozaliwa hawashtuki.

"Kumbe ni ya waoga! Basi na mimi imo haki yangu, tena kiti cha mbele."

Jioni ile walipiga magoti pamoja. "Alikuwa bado ameninunia. Anaomba, lakini mkono wangu hataki kuushika. Mimi nikasema tu, Bwana, na mimi naogopa." Asubuhi alijikuta kwenye godoro, shingo haimuumi.

Si kila siku inakuwa hivyo. Zipo siku moyo unamwenda mbio, naye anaomba tena neno lilelile.

Sare mpya imeshashonwa kwa gharama yake, na wifi amerudi kucheka naye. Sasa mpiga pasi amemwomba mchungaji wa wifi ambatize.

"Wivu bado ninao kidogo," anasema akikunjua blauzi. "Mwenzangu ameongea na Yesu miaka, mimi ndiyo kwanza naanza. Nataka Yesu anizoee na mimi. Akisikia sauti yangu ajue ni mimi huyu, asidhani ni wifi kapiga magoti mara mbili."