Mpiga Simu wa Kliniki ya Saratani

Kabla ya kuinua simu, karani wa kliniki ya saratani hukohoa kidogo, hujifuta viganja kwenye suruali, kisha huchukua kadi ya kwanza kati ya kadi za waliokosa tarehe zao za kupimwa. Madaktari wakiulizwa kwa nini vifo vimepungua, hutaja mashine mpya, dawa bora, na watu kuwahi kabla uvimbe haujaota mizizi. Hao wanaowahi ni yeye aliyewakimbiza, lakini hilo halimo kwenye majibu yao. Akikatiwa simu, hupiga tena. Akitukanwa, huitikia "ndiyo, mama" na kurudia tarehe taratibu, kama anayembembeleza mtoto ale. Simu yake mwenyewe, iliyo mfukoni, haijaita tangu wiki iliyopita.

Muuza vitambaa mmoja amemwita kupe miaka mitano mfululizo. "Wewe baba, huna mke wa kumsumbua?" Swali hilo huliruka na kusoma tarehe. Leo asubuhi karani alimpigia bila tarehe yoyote.

"Mama, daktari ameifunga kadi yako. Umepona kabisa. Sitakupigia tena."

Upande wa pili kikapasuka kigelegele kilichomfanya auondoe mkonga wa simu sikioni.

"Mungu akuweke, baba! Na atujalie tusijuane tena!"

"Amina," alijibu. Simu ilikuwa imeshakatwa, kwa hiyo akalirudia neno hilo, taratibu, vilevile anavyorudia tarehe.