Mtani Juu ya Godoro

Jioni ile uwanjani Chuno tulikuwa bado tunagombea viti vya plastiki pale kikundi cha sanaa kilipoanza kuigiza mjane anayefukuzwa na shemeji zake. Pembeni yangu alikaa jirani yangu, mjane kweli, ambaye shemeji zake walikuwa wamemwambia ahame nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe.

Mwigizaji wa shemeji alipoanza kuinua godoro la mjane alitoe nje, mama mmoja akatoka kwa watazamaji, akapanda jukwaani na kujilaza juu yake.

"Mimi mtani wa marehemu," alisema. "Nibebeni na mimi! Mmekuja kuzika au kuhamisha?"

Uwanja mzima ukacheka. Mwigizaji alisimama na mikono hewani, kwani mtani msibani hasukumwi.

"Mama, huu mchezo tu."

"Mchezo! Mbona godoro la kweli?"

Jirani yangu hakucheka. Alininong'oneza, "Na kwangu atalala nani?"

Mke wangu alipofariki mwaka jana, ndugu zake walikuja, wakalia, wakaondoka. Hakuna aliyeniuliza funguo ziko wapi. Nilidhani ule ni ustaarabu wao. Kumbe ni kwa kuwa mimi ni mwanamume.

Mtani ameruhusiwa na mila kusema. Sisi majirani tunasubiri ruhusa ya nani?

Asubuhi nilikwenda na jirani yangu kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaeleza kwamba nilimwona kwa macho yangu akiteka maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ile, yeye na mumewe walipokuwa wakiijenga.