Mkanda wa Mkarafuuni

Mume wangu alianza kukwea mikarafuu kabla hajaota ndevu, na katika miaka yetu yote ya ndoa sijawahi kumaliza msimu bila ya kuugua roho. Yeye huwa juu anachuma, mimi huwa chini nachambua, na kila tawi likilia hunyanyua uso. Kwetu, karibu na mashamba ya Kizimbani, hakuna mtaa usio na mtu aliyeanguka. Wengine tuliwazika. Wengine wamelala mpaka leo, na wake zao wanawageuza ubavu huu na ubavu ule.

Kwa hiyo kaka yangu, anayepaka rangi mahoteli ya ghorofa huko Uroa, aliponiletea mkanda wa usalama wanaovaa kazini kwao, nilishukuru kuliko kama angeniletea dhahabu. Unavaliwa kiunoni na mapajani, na una kamba nene yenye kulabu ya chuma mwishoni. Kaka alinieleza vizuri kwamba kamba ifungwe mahali pasipovunjika, juu ya kichwa cha mvaaji. Nilimsikiliza na nikamwelewa.

Mume wangu hakuutaka. Alisema wenzake watamcheka, kwamba mkewe kamfunga kama mbuzi wa kuchinjwa Mfunguo Tatu. Tulibishana siku tatu. Nikikasirika ulimi wangu haufai. Nilimwambia kama anataka kufa na afe, lakini asinitie ujane kwa kiburi chake. Siku ya nne asubuhi akauvaa, akatoka. Mimi nikaona nimeshinda. Habari ya mahali pa kufunga sikumpa.

Karafuu nyingi huzaa kwenye ncha za matawi, ambako mtu hawezi kusimama. Mchumaji hulifunga kamba tawi la mbali, akalivuta mpaka kifuani, ndipo akachuma. Kwa watu wetu, ukiwa juu ya mkarafuu, kamba ni kitu cha kufungwa tawini. Hivyo ndivyo walivyofunzwa na baba zao. Mume wangu alipewa kamba nyingine, nzuri zaidi, akafanya alichokijua. Aliifunga tawini. Na kwa kuwa safari hii amefungwa, akaegemea mbele kuliko alivyopata kuegemea maisha yake yote.

Tawi la mkarafuu halijui kupinda. Nilisikia mlio mmoja tu, kisha yeye na tawi lake wakawa chini.

Wachumaji walikuja mbio kumkalisha anywe maji. Kwetu aliyeanguka hukalishwa, hunyweshwa, huchuliwa mgongo, na anayesema tungojee huonekana hana huruma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamshika makwapa. Lakini jirani yangu, ambaye tulikuwa tunachambua pamoja, hujitolea kazi za afya katika shehia yetu, na alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia muuguzi wa kituo cha afya kwa video, akamwonesha mume wangu alivyolala. Sauti ya muuguzi ilitoka pole pole, kama hakuna haraka yoyote duniani.

"Msimnyanyue, msimkalishe. Mmoja amshike kichwa, kisigeuke."

Nilikishika mimi. Muuguzi akamtaka achezeshe vidole vya miguu. Vya kulia vilicheza, vya kushoto vilitulia kama si vyake. Hapo nilianza kulia, na machozi yakawa yanamdondokea usoni kwa sababu sikuweza kuachia mikono nijifute. Kwa maelekezo ya simu, wanaume waling'oa mlango wa banda la karafuu, wakamtelezesha juu yake akiwa amenyooka, wakamfunga kwa kanga zetu. Tukangoja gari ya wagonjwa.

Hospitalini, mjini, walimpitisha kwenye mashine kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili. Daktari alinionesha kwenye kioo: mfupa wa kiuno umepasuka, na kipande kimoja kimeibana mishipa ya fahamu bila ya kuikata. Aliuliza ni nani aliyewazuia watu wasimkalishe, maana angekalishwa, kile kipande kingemaliza kazi. Nilimtaja jirani na simu yake. Kuhusu mkanda nilinyamaza, na aibu ya kunyamaza huko ninayo mpaka leo.

Walimtia vyuma mgongoni. Nyumbani alifanya mazoezi huku mtaalamu akimtazama kwa simu, akimrekebisha goti na nyonga kutoka mjini. Baada ya miezi mingi akasimama, kisha akatembea kwa mkongojo, akiuburura mguu wa kushoto. Siku ile alipofika msikitini kwa miguu yake na kurudi, nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Kaka alinambia pa kuifunga ile kamba," nikasema. "Sikukwambia. Nlikuwa nna hasira nawe."

Alikaa kitako taratibu, kama anavyokaa siku hizi.

"Ungenambia nsingesikia," akasema. "Bora ungenionesha."

Msimu uliofuata wachumaji wote waliukataa mkanda. Walisema ndio uliomwangusha. Sikubishana nao. Asubuhi ya kwanza nilivaa suruali chini ya gauni, nikauvaa mkanda, nikaegemeza ngazi kwenye mkarafuu uleule. Wanawake wa kwetu hawapandi, kwa hiyo wanaume walianza kucheka. Nilipopita urefu wa ngazi wakasogea chini ya mti, wakainua nyuso. Niliizungusha kamba kwenye shina, juu ya kichwa changu, nikatia kulabu, nikavuta mara mbili ili waone. Mume wangu nilikuwa nimemsihi asije. Alikuwa amesimama pale chini, ameshika mkongojo kwa mikono yote miwili, ananitazama.

Nikaegemea nyuma, upande usio na tawi, nikaachia mikono.